Neno la Ofisini na Neno la Nyumbani: Tahakiki ya Istilahi za Ukatili wa Kijinsia

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi chache zitumiwazo katika mipango ya afya ya jamii yenye lengo la kuzuia ukatili wa kingono na ukatili wa mume au mpenzi. Istilahi hizo zimekwisha kuingia katika nyaraka za Serikali, katika vitabu vya mafunzo ya wahudumu wa afya, na katika mabango yabandikwayo kwenye kuta za zahanati. Hatuna nia ya kuwalaumu waliozitunga, kwani walitakiwa kutafsiri kwa haraka mambo mengi yaliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza. Swali letu ni moja tu: je, mtu aliyetendewa ukatili, akilisikia neno hilo, atatambua kwamba linamhusu yeye?

Tumechagua kuzipima istilahi hizi kwa mfano wa Tukuyu na Wilaya ya Rungwe, katika Mkoa wa Mbeya, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba Mkoa wa Mbeya ulikuwa mmojawapo wa mahali palipofanyiwa utafiti mkubwa wa kwanza wa kimataifa juu ya jambo hili. Sababu ya pili ni kwamba Rungwe ni nchi ya Wanyakyusa, ambako bibi kizee afikaye zahanati huenda akahitaji kuelezwa kwa Kinyakyusa yale ambayo mhudumu ameyasoma kwa Kiswahili. Basi neno husafiri mara mbili: kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, na kutoka Kiswahili hadi Kinyakyusa. Neno lisilobeba maana yake vizuri katika safari ya kwanza haliwezi kuifikisha mwisho wa safari ya pili.

Swali liulizwavyo

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya utafiti juu ya afya ya wanawake na ukatili wa nyumbani uliofanywa katika nchi 10. Kwa upande wa Tanzania walihojiwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 katika jiji la Dar es Salaam na katika Mkoa wa Mbeya. Miongoni mwa wale waliowahi kuwa na mume au mpenzi, wapatao 41 katika kila 100 huko Dar es Salaam, na 56 katika kila 100 huko Mbeya, walisema kwamba mume au mpenzi aliwahi kuwapiga au kuwalazimisha kingono.

Takwimu hizi hunukuliwa mara kwa mara, lakini njia iliyotumika kuzipata hutajwa kwa nadra, nayo ndiyo yenye mafunzo kwetu sisi tushughulikao na istilahi. Wanawake hawakutakiwa kusema kama wamefanyiwa ukatili. Waliulizwa juu ya vitendo, kimoja kimoja: kama mume amewahi kuwapiga kofi, kuwatupia kitu cha kuwaumiza, kuwasukuma, kuwapiga ngumi, kuwapiga teke, kuwaburuta, kuwakaba, kuwachoma moto au kuwatishia kwa silaha, na kama amewahi kuwalazimisha kujamiiana pasipo wao kutaka. Watafiti walifahamu kwamba jina la jumla huficha mambo, ilhali kitendo kikitajwa hujibiwa.

Hebu tutazame maswali mawili. Mhudumu wa kwanza anauliza: ‘Mama, umewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia?’ Mhudumu wa pili anauliza: ‘Mama, baba watoto amewahi kukupiga kofi, au kukutupia kitu cha kukuumiza?’ Mama yule yule anaweza kumjibu wa kwanza ‘hapana’ na wa pili ‘ndiyo’, na katika majibu yote mawili asiwe amesema uongo. Katika swali la kwanza ameulizwa juu ya jambo asilolijua kwa jina hilo. Labda kwa maoni yake ukatili ni kazi ya majambazi, na yaliyompata yeye ni ‘ugomvi wa nyumbani’ tu.

Hapa istilahi inagusa uhai wa mtu. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI baada ya kulazimishwa kingono hazina budi kuanza kutumiwa kabla ya kupita saa 72. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina muda wa saa 120. Tuseme mwanamke ametoka kijiji cha mbali, ameteremka mpaka Hospitali ya Wilaya hapo Makandana, Tukuyu, na mtu wa kwanza kumpokea akamwuliza kwa neno la ofisini. Jibu lake la ‘hapana’ litaandikwa, saa zitakwenda, na dawa iliyomo kabatini haitamfaa kitu.

Jinsia na ngono

Istilahi ukatili wa kijinsia ilikusudiwa kueleza ukatili ambao mtu hutendewa kwa sababu ya kuwa mwanamke au mwanamume, na kwa sababu ya yale ambayo jamii huyatazamia kutoka kwa kila mmoja. Kwa maana hiyo, kumnyima mjane shamba la migomba aliloachiwa na marehemu mumewe ni ukatili wa kijinsia, ingawa hakuna aliyemgusa. Lakini katika masikio ya watu wengi neno jinsia limekaa karibu mno na neno ngono, hata ukatili wa kijinsia ukasikika kuwa ni kubaka tu. Matokeo yake ni kwamba mke apigwaye kila wiki hajihesabu kuwamo, na mjane aliyenyang’anywa shamba hajihesabu kabisa.

Aidha, nchi na nchi zimeshika njia tofauti. Tanzania Bara husema ukatili wa kijinsia au unyanyasaji wa kijinsia. Zanzibar hupenda zaidi udhalilishaji. Na magazeti ya Kenya huandika dhuluma za kijinsia. Maneno haya hayalingani. Udhalilishaji hutazama heshima iliyovunjwa, dhuluma hutazama haki iliyonyimwa, na ukatili hutazama moyo wa mtendaji. Mfasiri ayachanganyaye katika ukurasa mmoja, kana kwamba ni visawe, humpotosha msomaji wake. Sisi twaona kwamba ukatili wa kijinsia lifaa kubaki kuwa jina la jumla katika mipango na sheria, na kwamba kila litumiwapo lifuatwe mara moja na majina ya aina zake: ukatili wa kingono, ukatili wa kipigo, ukatili wa maneno na vitisho, na ukatili wa kunyimwa mali.

Mwenza ni nani?

Istilahi inayosumbua zaidi ni ile ya kumtaja mume, mchumba, mpenzi, au mwanamume aliyeachana na mke, kwa neno moja. Waandishi wengi siku hizi husema mwenza, na hivyo husema ukatili wa wenza. Lakini Kiswahili kimekwisha kuwa na mke mwenza, yaani mwanamke aliyeolewa na mume mmoja na mwanamke mwingine, na hali yao huitwa ukewenza. Kwa msikilizaji wa Rungwe hili si jambo la kamusini tu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuandika vitabu juu yao, alieleza jinsi wanaume wazee walivyokuwa wakioa wake kadhaa, huku vijana wakichelewa kuoa. Mahali penye kumbukumbu ya namna hiyo, ukatili wa wenza waweza kufahamika kuwa ni ugomvi wa wake wawili wa mume mmoja, na mume mwenyewe akatoka katika habari akiwa safi.

Wapo wapendekezao mwandani. Ni neno zuri, lenye asili, lakini uzuri wake ndio ila yake hapa: mwandani ni mtu wa siri na wa kuaminiwa, na sentensi isemayo kwamba mwandani amemvunja mtu mkono yapingana yenyewe kwa yenyewe. Mwenzi ni afadhali, madhali maana yake ielezwe mwanzoni mwa waraka. Katika mazungumzo na wananchi, hata hivyo, hakuna haja ya neno moja. Tuseme ‘mume, mchumba au mpenzi, wa sasa au wa zamani’. Maneno ni mengi zaidi, lakini hayamwachi mtu nje. Katika Kinyakyusa nako mume ni undume na mke ni unkasi. Mkalimani akipewa maneno hayo ya kawaida hatahangaika.

Mpaka wa sheria na mpaka wa afya

Watafsiri na watumishi wa Serikali mara nyingi huchukua neno la sheria na kulitumia katika afya, wakidhani kwamba maana haibadiliki. Tuangalie neno kubaka. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inaeleza kosa hilo na kuliwekea adhabu kali, lakini haimhesabu mume kuwa amembaka mkewe ila ikiwa wametengana. Kwa hiyo, mhudumu wa afya auulizaye ukatili wa kingono kwa neno kubaka peke yake amewaacha nje wanawake wote waliolazimishwa na waume wanaoishi nao. Mahakama ina mpaka wake. Lakini mwili wa mwanamke haujui mpaka huo, wala virusi havijui. Katika fomu za afya yafaa iandikwe ‘kulazimishwa kujamiiana’, na aliyelazimisha atajwe ni nani kwake. Jina la kosa waachiwe polisi na mahakimu.

Kadhalika, makosa haya katika Kanuni ya Adhabu yamo katika sura ya makosa dhidi ya maadili. Kichwa hicho ni urithi wa sheria za kikoloni. Chatufanya tudhani kwamba kilichoumizwa ni adabu ya kijiji, na ya kuwa adabu hiyo yaweza kutengenezwa kwa faini ya ng’ombe na kikao cha wazee, ilhali aliyeumizwa ni mtu. Neno kunajisi, litumiwalo sana nchini Kenya kwa kosa la kumwingilia mtoto, lina kasoro ya namna hiyo hiyo: hulipeleka doa kwa mtoto aliyetendewa, kana kwamba ndiye sasa asiye safi. Nalo kumwingilia kimwili ni neno la heshima lisiloonyesha kama kulikuwa na ridhaa au hapana. Laweza kusemwa kwa wanandoa wapendanao na kwa mtu aliyevunja mlango usiku.

Liko neno jingine la zamani ambalo halimo katika nyaraka zozote, lakini lina nguvu kuliko zote, nalo ni kumrudi mke. Kumrudi mtu ni kumwonya na kumwadhibu ili ashike njia njema. Neno hili humgeuza apigaye kuwa mlezi na apigwaye kuwa mtoto. Utafiti wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba wanawake 58 katika kila 100 walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya tano walizotajiwa, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Hayo ndiyo maana ya kumrudi. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, ilikwisha kutamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake wa ndoa adhabu ya kipigo, hata kama mila yasema vinginevyo. Zaidi ya nusu karne imepita, na kifungu hicho kifupi bado hakijulikani vijijini kama lijulikanavyo neno kumrudi. Mwalimu wa shule ya sekondari anayetafuta mfano wa neno linaloficha kitendo hana haja ya kwenda mbali.

Aliyetendewa aitweje?

Yapo maneno matatu yanayoshindania nafasi hii. Mhanga ni mtu au mnyama aliyetolewa kuwa sadaka, na katika kujitoa mhanga mna hiari ambayo haimo kabisa katika ukatili. Mwathirika lilikuwa neno jema, lakini katika miaka ya UKIMWI lilitumika mno kwa watu wenye virusi. Na kwa kuwa huduma za ukatili mara nyingi hutolewa jirani na kliniki za virusi, mwanamke aitwaye mwathirika kwenye baraza la hospitali hupewa lawama mbili kwa neno moja. Manusura ni mtu aliyeokoka ajali au vita, nalo lina matumaini ndani yake. Hata hivyo, mwanamke atakayerudi jioni hii kwa mume yule yule bado hajanusurika. Sisi twapendekeza aliyetendewa ukatili. Si neno la kupendeza sana, lakini ni la kweli, tena hulazimisha swali la pili: aliyetenda ni nani?

Swali hilo ndilo linalokimbiwa katika sentensi nyingi za ripoti. Tunasoma kwamba wanawake kadhaa ‘wamepitia ukatili’, kana kwamba ukatili ni barabara ya kutoka Tukuyu kwenda Kyela. Tunasoma kwamba wasichana ‘walipata mimba’, kama mtu apatavyo homa. Kiswahili kina kauli ya kutendwa yenye kueleweka vizuri, nacho kina na ya kumtajia mtenda: alipigwa na mumewe, alilazimishwa na mwalimu, alitishwa na mchumba. Mwandishi aiachaye na hiyo amemwachilia mtenda aende zake.

Kinga, kukomesha na nguvu

Wananchi wamezoea msemo wa kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Wameusikia kuhusu malaria na kipindupindu, nao wanaujua: kinga ya malaria ni chandarua, na anayelala ndani yake ndiye anayejikinga. Lakini neno hili likihamishiwa katika ukatili bila kufikiriwa, mzigo humwangukia yule yule apigwaye. Msichana huambiwa asitembee usiku, mke huambiwa asimjibu mumewe alevipo, na huko ndiko kunakoitwa kinga. Kinga ya ukatili hulenga kwanza mwenye mkono. Hulenga mvulana kabla hajajifunza kupiga, mume kabla hajarudia, na majirani wasikiao kilio wakageukia upande wa pili.

Mpango Kazi wa Taifa wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, unaojulikana kwa kifupi MTAKUWWA, ulichagua neno kutokomeza. Kutokomeza ni kukifanya kitu kisionekane tena popote; na bado shabaha iliyotajwa ilikuwa kupunguza ukatili kwa asilimia 50. Jina na hesabu havikukubaliana, na mtumishi wa halmashauri atakiwaye kupima maendeleo ana haki ya kuuliza apime kwa kipi. Wengine husema kukomesha. Hapa Rungwe inatupa somo dogo: katika Kinyakyusa, ukukoma ni kupiga. Hatusemi kwamba Mnyakyusa ajuaye Kiswahili atadhani bango la kukomesha ukatili linamhimiza apige. Twasema tu kwamba aandikaye neno kwa ajili ya wilaya fulani alisikilize kwanza kwa masikio ya wilaya hiyo. Kuzuia ni neno la kawaida, halina madai makubwa, nalo latosha.

Mwisho, neno nguvu. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitunga mpango uitwao SASA!, ambao umeigwa katika nchi nyingi. Jina hilo ni neno letu la Kiswahili, lakini herufi zake nne zasimama kwa maneno manne ya Kiingereza, ambayo yakitafsiriwa hayarudishi tena SASA. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mpango wenyewe hauanzi kwa kuuliza juu ya ukatili. Huuliza juu ya jambo ambalo kwa Kiingereza huitwa kwa neno moja tu, na wafasiri wengi hulitafsiri nguvu. Huzungumzia lile mtu alilo nalo ndani yake, lile analotumia juu ya mwingine, lile watu walilo nalo pamoja, na lile la kutenda. Utafiti uliofanywa Kampala kati ya mwaka 2007 na 2012, na kutangazwa mwaka 2014, ulikadiria kwamba katika mitaa iliyofikiwa na mpango huo kipigo cha mume au mpenzi kilikuwa pungufu kwa kiasi cha nusu kuliko katika mitaa ya kulinganishia. Basi ni mpango wenye thamani, na kwa sababu hiyo ustahili tafsiri nzuri.

Nguvu haitoshi. Mwanamume asikiapo ‘mazungumzo juu ya nguvu zako’ hukumbuka matangazo ya dawa za nguvu za kiume yaliyoenea kila stendi. Kiswahili hakina upungufu hapa: lile la ndani ni ujasiri, lile la juu ya mwingine ni ubabe, lile la pamoja ni umoja, na lile la kutenda ni uwezo. Mfasiri akiyatenganisha hivyo atapoteza mchezo wa maneno wa Kiingereza, lakini mume wa kijijini ataweza kuulizwa waziwazi: ‘Baba, ubabe nyumbani umekuletea faida gani?’ Swali hilo laweza kujibiwa, na laweza pia kumnyima mtu usingizi.

Mapendekezo

Kwa kifupi, twapendekeza mambo manne. Kwanza, majina ya jumla yabaki katika sheria na mipango, na kila fomu itumiwayo mbele ya mwananchi iulize juu ya vitendo. Pili, mtenda atajwe katika kila sentensi ambamo anajulikana. Tatu, istilahi za afya zisifungwe ndani ya mipaka ya istilahi za sheria. Nne, kabla istilahi haijasanifiwa, ijaribiwe katika wilaya kadhaa zenye lugha tofauti za nyumbani, Rungwe ikiwa mojawapo, kwa kuwauliza wakunga, wauguzi, mabalozi wa nyumba kumi na wazee wa kanisa wao wanasemaje na wanaelewaje.

Tunafahamu kwamba baadhi ya wasomaji wetu watalitetea neno manusura, na kwamba wengine wataona ubabe ni neno la mitaani lisilostahili kuingia katika vitabu vya Serikali. Tunawakaribisha watuandikie. Walimu na wahudumu walioko Tukuyu, Kiwira, Masoko na kwingineko wilayani humo, hao hasa ndio tungependa kuwasikia, maana wao huyasikia maneno haya yakisemwa na wenyewe, kabla hayajafika mezani petu.